Kuanza Yoga Uzeeni



Sisi wenye mikarafuu tumezoea kuogopa kuanguka kwa mchumaji. Msimu ukifika twasimama chini, twamwonya kijana asiende kwenye tawi jembamba kwa tamaa ya shada moja. Lakini mtazameni mzee aliyelala kitandani na nyonga iliyovunjika. Mara nyingi hakuanguka mkarafuuni. Aliteleza chooni au alijikwaa kizingitini usiku. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa wanaokufa zaidi kwa kuanguka ni watu waliopita miaka 60. Katika mwongozo wake wa 2020 limewashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, angalau siku 3 kwa wiki. Yoga ni njia mojawapo ya kuyafanya.

Najua mtacheka, nami nilicheka. Yoga kwa wengi wetu ni picha ya mtu mwembamba amesimama kwa kichwa. Asili yake ni Bara Hindi, na huko ina upande wa ibada. Mimi nasema juu ya viungo na pumzi tu. Asiyetaka lile jingine na aliache.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Elisabeth, mjane wa mfalme wa Ubelgiji, alijifunza kusimama kwa kichwa kwa mwalimu B.K.S. Iyengar wa Pune. Bibi huyo alizaliwa mwaka 1876, basi hesabuni wenyewe. (Siwashauri kumwiga!) Iyengar alikuwa mtoto wa maradhi maradhi, na labda ndiyo sababu hakuwadharau wanyonge: aliwapa wanafunzi viti, mikanda, mablanketi na vipande vya ubao, ili ambaye mkono wake haufiki chini apate pa kuushikiza.

Lakini aliyenipa moyo hasa ni Charlotte Chopin, mama wa Kifaransa aliyeanza yoga akiwa na miaka 50. Baadaye akawa mwalimu, na mwaka 2024, akiwa amekwisha kupita miaka 100, serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri.

Mimi nilianza nikiwa na miaka 66. Goti langu la kulia lilikuwa limegoma. Kusujudu nasujudu, lakini kuinuka mpaka nishike ukuta, na mwisho nikawa nasali kitini. Hilo ndilo lililoniuma, zaidi ya goti lenyewe.

Mwalimu, binti wa umri wa wanangu, hakunionyesha ajabu yoyote. Alinikalisha kitini akaniambia niinuke bila ya kutumia mikono, kisha nikae taratibu, nisijitupe kama gunia. Mara 5 tu, na mapaja yakatetemeka. Kisha akanisimamisha karibu na ukuta kwa mguu mmoja, unyayo wa pili umeegemea kifundo. Mkao huo waitwa mti. Nilidhani ananifanyia mzaha, maana nimepanda mikarafuu miaka 40 wala sikuyumba namna ile! Kila mara alinikumbusha nisizuie pumzi. Mwisho hulala chali kimya, na mkao huo waitwa maiti. Mke wangu amelikataa jina hilo katakata. Kwake yeye ni kupumzika.

Mwenye presha ya damu, presha ya macho, mifupa iliyodhoofika au nyonga iliyotengenezwa na amwulize daktari kwanza, wala asiinamishe kichwa chini kwa kufuata wenzake. Misuli kuvutika si neno, lakini maumivu makali ni amri ya kuacha. Tena msisimame juu ya mkeka, maana huteleza kwenye saruji. Miguu mitupu juu ya sakafu kavu ni bora, na ukuta uwe karibu.

Ilinichukua miezi 5 hata nikainuka mswalani bila ya kushika ukuta. Kwa mguu wa kushoto sasa nasimama nikahesabu mpaka 20. Wa kulia haujapita 9. Mikarafuu siipandi tena, nimewaachia vijana. Lakini jioni za msimu nakaa jamvini na wenzangu tukichambua karafuu, na nikiitwa huinuka mwenyewe.

Mwanachama mwenzenu