Kusimama mbele ya nyumba ya ibada: kujulisha si kuomba

Tuchukue mfano wa kufikirika. Huko Baraka, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika katika nchi ya Wabembe, kundi moja la maombi lina jengo lake kando ya barabara. Majirani wanalalamika kwamba wagonjwa wanafungiwa humo wasipelekwe hospitali. Wanataka kusimama nje na mabango, bila fimbo wala mawe. Je, wanaruhusiwa?

Neno la kuangalia kwanza ni hilo la mwisho. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 26, inawadai waandaaji wa maandamano ya barabarani jambo moja: kumjulisha kwa maandishi mwenye mamlaka. Kujulisha ni kumpa mtu habari ili ajipange. Kuomba ruhusa ni kumpa mtu huyo uwezo wa kukataa. Mwenye msiba anapomwarifu shefu wa mtaa kwamba watu watalala matangani, haombi kibali cha kulia. Anataka shefu ajue kwa nini kuna moto na sauti usiku. Barua ya maandamano, kwa mujibu wa Katiba, ni ya namna hiyo.

Mbona basi ofisi nyingi huijibu kama ombi? Kwa sababu ipo sheria ya zamani, Dekrii-sheria namba 196 ya tarehe 29 Januari 1999, iliyotungwa katikati ya vita na kujengwa juu ya wazo la ruhusa. Rais aliyekuwa madarakani wakati huo ni Laurent-Désiré Kabila, mtu ambaye kwa miaka mingi aliishi katika milima ya Fizi kama mpinzani wa serikali, bila barua kwa yeyote. Kifungu cha 221 cha Katiba kinasema sheria za zamani zinaendelea kutumika mradi tu hazipingani na Katiba yenyewe. Kwa hiyo pale sheria ya 1999 inapodai kibali na Katiba inadai taarifa, ya kufuatwa ni Katiba. Ofisini mara nyingi hufuatwa kile kilichozoeleka.

Taarifa inakwenda kwa nani? Baraka ina hadhi ya mji, kwa hiyo inakwenda kwa meya. Ukitoka mjini ukaingia Teritori ya Fizi, inakwenda kwa msimamizi wa teritori, yule ambaye watu humwita AT. Hapo hakuna ugumu.

Ugumu uko ndani ya barua: mnaandamana dhidi ya nini? Kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa dini na wa kuidhihirisha, peke yake au pamoja na wenzake, hadharani au faraghani, ila kwa kuheshimu sheria, utulivu wa umma, maadili mema na haki za wengine. Tugawe mambo mawili hapa. Imani ni kile watu wanachokikubali moyoni na kukihubiri. Tendo ni kile wanachomfanyia mtu mwingine. Bango linalosema “Mungu wao ni wa uongo” linagusa imani. Bango linalosema “Mfungulieni mgonjwa” linagusa tendo, na tendo ndilo ambalo mwendesha mashtaka anaweza kulichunguza.

Kongo ina kumbukumbu ya kuchanganya mambo haya mawili. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilitambua makanisa matatu tu: la Katoliki, la Kimbangu, na muungano mmoja wa Waprotestanti. Ndiyo maana mpaka leo jumuiya nyingi za Kiprotestanti za Kivu Kusini hutanguliza namba katika majina yao, kama 5 CELPA na 8 CEPAC: kila moja ilihitaji mwavuli wa muungano ili iishi. Mwaka 1986 Mobutu aliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova, na marufuku hiyo ilibatilishwa mahakamani mwaka 1993. Leo makundi ya dini huandikishwa kwa sheria ya tarehe 20 Julai 2001 kuhusu mashirika yasiyo ya faida. Kundi linaweza kuwa na hati zote na bado likatenda kosa. Linaweza pia kukosa hati na lisimdhuru mtu.

Sasa tugeuze picha. Huku Kivu, mara nyingi kundi linalotiliwa shaka ndilo lenyewe limekuwa barabarani. Kamanyola, kaskazini mwa Fizi kwa barabara ya Uvira, palikuwa na wakimbizi wa Burundi waliomfuata Eusebie Ngendakumana, aitwaye Zebiya, mwanamke aliyesema anatokewa na Bikira Maria huko Businde. Walikataa kuandikishwa kwa alama za vidole kwa sababu za imani yao. Tarehe 15 Septemba 2017 walikusanyika kudai wenzao waliokamatwa, na askari wakafyatua risasi. Walikufa zaidi ya 30.

Goma, tarehe 30 Agosti 2023, lilikuwa kundi jingine la dini, lililopanga kuandamana dhidi ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini. Meya alikuwa ameyapiga marufuku maandamano hayo. Jeshi liliua watu zaidi ya 50, na baadaye mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo kanali mmoja. Kundi hilo lilijiita Wazalendo. Msomaji wa Fizi asilichanganye na Wazalendo anaowaona kwake, ambao ni wapiganaji.

Goma ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi uliotangazwa Mei 2021 kwa Kivu Kaskazini na Ituri. Kivu Kusini haikuingizwa humo, kwa hiyo kifungu cha 26 hakikupunguzwa kwa tangazo lile. Lakini bunduki zipo Fizi pia, mikononi mwa zaidi ya upande mmoja, na tangu Bukavu ilipotekwa Februari 2025 zimeongezeka. Umati ulio mbele ya mlango wa ibada unaweza kusomwa vibaya na yeyote mwenye silaha.

Tukirudi kwa majirani wa Baraka, mambo mengi ya kiutendaji yanajibika kutokana na hayo. Wasimame ng'ambo ya barabara, kwa maana barabara ni ya umma na kiwanja si chao. Wachague saa isiyo ya ibada, na mlango uachwe wazi ili anayetaka kuingia aingie na anayetaka kutoka atoke. Wasimlazimishe mfanyabiashara kufunga duka wala jirani kujiunga, kwa kuwa kifungu kilekile cha 26 kinakataza kumlazimisha mtu aandamane.

Kwa maoni yangu wana haki ya kusimama pale, na waumini wana haki ya kusali huku wakipingwa. Polisi wanaotumwa wanazilinda pande zote mbili, na ndiyo sababu barua itaje mahali, siku, saa na tendo linalolalamikiwa, bila neno hata moja juu ya imani. Iandikwe nakala mbili. Moja ibaki kwa meya. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, na aliyeandaa aibebe mfukoni siku hiyo.