Chaga za Kitanda Zageuka Chanja

Katika Surat Al-An'am, aya ya 141, Mwenyezi Mungu (S.W.) ametaja bustani ambazo mimea yake huwekewa chanja na zile zisizowekewa, na katika aya hiyo hiyo amekataza israfu. Mambo hayo mawili tuliyakuta yamekutana uani kwetu: mitango ikitambaa ardhini na matunda yake kuoza, na pembeni kitanda kibovu kikingoja kutupwa.

Tulizisimamisha chaga zake, tukadhani yametosha. Tulikosea. Mtango hupanda kwa vikono vyembamba kama nyuzi, navyo haviwezi kuuzunguka ubao mpana, mmea ukaporomoka. Tulipofunga kamba za katani baina ya chaga, ulishika wenyewe. Maharage ya kutambaa hayana vikono. Shina lenyewe hujizungusha, basi mpini wa fagio uliochomekwa ardhini huyatosha. Rimu ya baiskeli ikipigiliwa juu ya mti, nyuzi zikashushwa pande zote, hubeba mashina mengi mahali padogo. Vipande vya khanga kuukuu hufungia shina bila kulikata, mradi fundo liwe legevu. Mche wa pasheni hatuushauri hapo: huishi miaka kadhaa na huwa mzito.

Aya hiyo imeamrisha pia kutoa haki ya mazao siku ya kuvunwa. Katika madhehebu ya Shafii tango halitolewi zaka. Hata hivyo, yanayoning'inia upande wa pili wa ukuta huyachuma jirani, nasi hatumuulizi idadi.