Mwezi wa Kuzaliwa na Ugonjwa wa Usingizi wa Ghafla

Je, mwezi anaozaliwa mtoto unaweza kuongeza uwezekano wa kuugua maradhi ya usingizi? Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa, Kanada na Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 886 wa nakolepsi, ugonjwa unaomfanya mtu ashikwe na usingizi mchana bila kuweza kuuzuia. Miongoni mwao, waliozaliwa mwezi Machi walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na waliozaliwa Septemba walikuwa wachache.

Nakolepsi hutokea zinapopotea chembe za ubongo zinazotengeneza kemikali ya kutuweka macho. Inaaminika kuwa kinga ya mwili yenyewe ndiyo huzishambulia. Kwa kuwa katika nchi hizo mafua hupanda na kushuka kwa majira, ilidhaniwa kuwa huenda maambukizi ya wakati wa ujauzito au ya uchanga yanachangia. Hata hivyo, baadhi ya tafiti zilizofuata hazikuona tofauti hiyo ya miezi. Aidha, sisi tulio karibu na Ikweta hatuna majira ya baridi kama ya huko. Hivyo basi, mzazi asiwe na hofu kwa sababu ya mwezi aliozaliwa mwanawe.

Linalopaswa kuzingatiwa ni dalili, ambazo mara nyingi huanza katika umri wa kubalehe au ujana. Mwanafunzi husinzia darasani kila siku ingawa usiku amelala vya kutosha. Akicheka sana, magoti huweza kumlegea hata akaanguka, hali fahamu anazo. Mtoto wa namna hii asichapwe kwa kudhaniwa mvivu, wala asisemwe kuwa amerogwa. Kwa dereva wa bodaboda, usingizi huo unahatarisha maisha yake na ya abiria wake.

Usingizi wa mchana una sababu nyingine pia, zikiwemo upungufu wa damu na malale yanayoenezwa na mbung'o. Mwenye usingizi huo pamoja na homa au maumivu makali ya kichwa awahi zahanati bila kusubiri. Wengine wanashauriwa kuandika kwa wiki mbili saa za kulala, kuamka na kusinzia, kisha wampelekee mganga maelezo hayo, ili yamsaidie kuamua vipimo na rufaa inapobidi.

Nakolepsi haina tiba ya kuiondoa kabisa. Lakini dawa, pamoja na vipindi vifupi vya kulala mchana vilivyopangwa, humwezesha mgonjwa kusoma na kufanya kazi.