Bendera Nyekundu Reliani

Gari la moshi lilifika Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, mwaka 1910. Njia ya reli huchakaa, nayo lazima itengenezwe. Lakini magari hayaachi kupita. Wafanyakazi hulindwaje?

Kapita hupanga yote kabla ya kazi. Kwanza huuliza stesheni saa za magari kupita. Halafu huwaonyesha watu mahali pa kukimbilia. Kisha huweka mlinzi mwenye bendera nyekundu kila upande wa kazi.

Mlinzi hasimami karibu na wenzake, bali mbali sana. Kwa nini? Gari la moshi ni zito, na chuma huteleza juu ya chuma. Hata likifungwa breki, huendelea mamia ya meta kabla ya kusimama. Penye kona mlinzi huenda mbali zaidi, kwa maana dereva hawezi kumwona upesi.

Bendera haiondolewi mpaka reli zimekazwa na watu wote wametoka njiani. Mlinzi haachi mahali pake, hata akiona kiu, mpaka mwenzake ampokee. Akisinzia, wengine watakufa.

Maswali: Mlinzi husimama wapi? Kwa nini hasimami karibu?