Kale katundu ka kaseti

Wadau, mnakumbuka kuzungusha kaseti kwa kalamu ya Bic ili betri za redio zisiishe? Raha yake! Ila siri ilikuwa mgongoni: vijipande viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande. Ukikivunja, kitufe cha kurekodi hakibonyezeki tena, sauti yako iko salama. Ukibadili mawazo, unaziba katundu kwa karatasi, unarekodi upya.

Mimi nilijua hiyo ya kuziba tu. Nikaokota kaseti ya mzee, ya dakika 60, nikaziba, nikajaza bongo fleva kutoka redioni. Kumbe zilikuwa salamu za marehemu bibi! Mzee hakunichapa hata. Alisikiliza zile nyimbo zote mpaka mwisho, ilipobaki sauti ya bibi kidogo, anaaga.