Kabla ya The Hague, Pitia Mtaa wa Lumumba

Majira ya joto ya Ulaya yakikaribia, vijana wetu wa sheria huku ughaibuni huanza kuulizana kuhusu kozi fupi za sheria ya kimataifa na sheria linganishi. Inayosifika zaidi ni ya Chuo cha Sheria ya Kimataifa cha The Hague, Uholanzi, kinachofundisha tangu 1923. Nendeni. Ila wengi huingia darasani wakijiona wageni waalikwa katika somo la wenyewe, na hilo linaniuma.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifungua milango katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, pembeni tu mwa Kariakoo, Dar es Salaam. Kitivo kilikuwa kimoja, cha sheria, na wanafunzi hawakuzidi 15. Kwenye kampasi ya Mlimani walihamia 1964. Wakenya na Waganda nao walikuja kusoma Dar, kwa sababu hapo awali aliyetaka uwakili alivuka bahari, mara nyingi hadi London, akarudi anaijua sheria ya Uingereza kuliko ya kwao.

Na ya kwao ina mengi. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo akipatana bei ya marobota ya vitenge, hata kwa mdomo, anabanwa na Sheria ya Mikataba ya 1961, iliyochotwa kutoka ile ya India ya 1872. Akifariki, mirathi yake huenda ikagawanywa kwa sheria ya Kiislamu, au kwa mila za kabila lake. Pale sheria ya nchi inaponyamaza, jaji hugeukia sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hiyo ndiyo sheria linganishi, na muuza vitenge anaiishi kila siku.

Ya kimataifa iko bandarini. Mwaka 1921 Uingereza iliikodisha Ubelgiji gati la Dar es Salaam na la Kigoma, kwa mizigo ya Kongo, kwa pango la faranga 1 kwa mwaka, milele. Waziri Mkuu Julius Nyerere aliukataa mkataba huo: Uingereza ilikuwa msimamizi wa muda, na msimamizi hawezi kugawa milele mali aliyokabidhiwa. Novemba 1961 alilieleza Bunge kwamba mikataba ya nchi mbili iliyorithiwa itaheshimiwa kwa miaka 2. Baada ya hapo, isiyojadiliwa upya itakoma, isipokuwa ile inayodumishwa na sheria ya kimataifa yenyewe. Msimamo huo unafundishwa hadi leo kwa jina la Nyerere.

Ukisikia mhadhiri anataja urithi wa mikataba, nyoosha mkono umuulize kuhusu Nile. Julai 1962 Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 juu ya maji hayo hayaifungi. Mei 2010, Entebbe, Tanzania ilitia saini mkataba mpya wa bonde la Nile pamoja na Uganda, Rwanda na Ethiopia. Ulianza kutumika Oktoba 2024, na Misri bado inaupinga.