Binti wa seremala aliyefukua wanyama wa kale

Likizo ya watoto imekaribia. Wenye watoto na wajukuu Uingereza, waambieni wafike Lyme Regis, mji mdogo ulio kusini, kando ya bahari. Miamba yake ina umri wa karibu miaka milioni 200. Mvua na mawimbi vikiibomoa, visukuku huanguka ufukweni: mifupa na makombe yaliyogeuka mawe.

Makumbusho ya mji imejengwa mahali palipokuwa nyumba ya Mary Anning, aliyezaliwa 1799. Baba yake, seremala, alikufa 1810 akaacha madeni. Mama mjane, Molly, na watoto wake wawili wakatafuta mkate kwa kuokota visukuku na kuviuzia wageni. Mwaka 1811 kaka yake, Joseph, aliona kichwa cha mnyama mkubwa. Mwaka uliofuata Mary, akiwa bado mtoto, akapata mwili wenyewe. Hakuwa dinosaria, bali ikithiosauri, mnyama wa bahari wa nyakati hizo. Familia ilimuuza kwa paundi 23 hivi.

Mwaka 1823 Mary akapata plesiosauri mzima, mwenye shingo ndefu. Wasomi wakamwandika mnyama, jina la aliyemfukua hawakulitaja. Chama cha Jiolojia cha London hakikupokea wanawake; wa kwanza waliingia 1919, miaka 72 baada ya Mary kufa.

Lakini hakusahauliwa. Mwaka 2022 sanamu yake ilisimamishwa mjini humo, baada ya msichana mmoja wa shule kuanzisha kampeni pamoja na mama yake.

Kwa watakaokwenda na watoto: ulizeni kwanza saa ambazo bahari inarudi nyuma, na msikae chini ya miamba. Mwaka 1833 maporomoko yalimuua mbwa wa Mary mbele yake. Okoteni yaliyolala mchangani. Waonyesheni pia mavi ya wanyama yaliyogeuka mawe. Watoto watacheka, lakini watayakumbuka.

Nasi tuliobaki nyumbani tuna la kujifunza. Katika vikundi vyetu, mwanamke analima, anashona, anauza, kisha karatasi inabeba jina la mwingine. Kwenye mkutano ujao, tufungue daftari tuangalie: kila kazi ina jina la aliyeifanya? Na mabinti zetu wakiuliza maswali mengi, tusiwanyamazishe.